Gari la Kifahari Lililotumika: Bei ya Kulinunua na Gharama ya Kulitunza Igunga

Gari la saluni la kifahari lenye injini kubwa hushuka bei haraka kuliko gari la kazi. Toyota Crown, Mark X, BMW za mfululizo wa 3 na wa 5, Mercedes-Benz za daraja la C na E, zote zikishatembea miaka kumi au kumi na mitano Japani au Uingereza huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya kwanza. Ndiyo sababu mfanyabiashara wa dengu wa Igunga, mtumishi aliyechukua mkopo benki au mfugaji aliyeuza ng'ombe mnadani anaweza leo kumudu gari ambalo lilipotoka kiwandani lilikuwa la wenye uwezo mkubwa. Bei hiyo ndogo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba spea hazikushuka pamoja nayo. Pampu ya maji, shokapu, sensa na gia boksi bado vinauzwa kwa bei ya gari la daraja lile lile. Sokoni gari limeshuka. Dukani kwa muuza spea liko pale pale.

Kwa mkazi wa Igunga kuna gharama nyingine inayoongezeka juu ya hiyo, nayo ni umbali. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida kwenda Mwanza na Rwanda inapita Igunga na Nzega. Mji unanufaika: magari mengi yanapita, mafundi wapo, na mabasi yanabeba vifurushi kila siku. Hata hivyo gereji za pembeni mwa barabara hiyo zimekua kwa kuhudumia malori, Hiace, Noah, Probox na pikipiki za bodaboda. Fundi hodari wa Scania hana sababu ya kuwa na kompyuta ya kusoma na kupanga upya mfumo wa umeme wa BMW. Maduka yenye spea za magari haya yako Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Igunga, na machache yako Mwanza. Spea iliyolipiwa asubuhi kwa simu inaweza kufika kesho yake kwa basi. Ikiwa siyo yenyewe, inarudi, na gari linaendelea kukaa juu ya jeki. Mnunuzi makini huanza hesabu yake hapo, kabla ya kuangalia rangi na rimu.

Katika kundi hili, Crown na Mark X ndizo zinazotunzika kwa urahisi zaidi Tanzania. Zimeingia kwa wingi, mafundi wamezizoea, na spea zake, mpya kwa zilizotumika, zinapatikana. Crown inayoonekana zaidi ni ya toleo la S180, iliyotengenezwa kuanzia mwisho wa 2003 hadi 2008, na S200 iliyoifuata hadi 2012. Mark X ilitoka 2004 kuchukua nafasi ya Mark II. Toleo la kwanza ni GRX120, la pili, GRX130, lilianza 2009 na kuendelea hadi 2019. Nyingi zina injini ya V6 ya lita 2.5 iitwayo 4GR-FSE. Nyingine zina lita 3.0 au 3.5. Zote hutumia cheni ya ndani badala ya mkanda wa taimingi, jambo linaloondoa gharama moja kubwa.

Injini ya 4GR ina udhaifu ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na kuzisafisha. Masizi hujijenga kwenye valvu hizo taratibu, gari huanza kutetemeka likiwa limesimama na nguvu hupungua. Injini nyingine za aina hii hula oili, hasa zile ambazo oili yake ilicheleweshwa kubadilishwa. Gari linalokula oili halitoi moshi wa bluu kila mara. Linapungukiwa kimya kimya, na mwenye gari asiyefungua boneti kati ya servisi moja na nyingine hugundua injini ikishaanza kugonga. Pampu ya maji nayo huvuja ikizeeka, na alama yake ni chumvi ya waridi au nyeupe iliyokauka kuzunguka pampu. Hakuna lolote kati ya haya linalolifanya gari kuwa baya. Yanafanya kila Crown iwe na thamani tofauti kulingana na jinsi ilivyotunzwa, na ya nafuu zaidi sokoni mara nyingi ndiyo itakayokula fedha nyingi zaidi.

Magari ya Kijerumani yanataka tahadhari ya kiwango kingine. BMW ya E90, yaani mfululizo wa 3 uliotoka 2005 hadi karibu 2012, ni gari zuri sana kuendesha, lakini sehemu nyingi za mfumo wake wa kupoza injini ni za plastiki, na plastiki hiyo huzeeka kwa joto. Zile zenye injini ya silinda sita ya N52 zina pampu ya maji inayoendeshwa kwa umeme; kuanzia kilomita 100,000 hivi inaweza kufa bila dalili ndefu. Dashibodi ya gari hilo haina mshale wa joto la maji. Dereva huona taa ya onyo wakati maji yameshapanda joto, na kwenye tambarare ya Wembere saa nane mchana hiyo ni habari iliyochelewa. N52 haina hata kijiti cha kupimia oili: kiwango husomwa kwenye skrini, na sensa ikiharibika mwenye gari anabaki kukisia. Injini ya silinda nne ya N46 iliyo kwenye 320i nyingi huvujisha oili kwenye kifuniko cha juu, na raba za valvu zikichoka hutoa moshi gari likiwashwa baada ya kusimama kwa muda. Betri yenyewe, kwenye E90 nyingi, ikibadilishwa inapaswa kusajiliwa kwa mashine ili gari lijue limepewa mpya. Kazi ya dakika kumi Dar es Salaam inageuka safari kwa aliye Igunga.

Mercedes-Benz za daraja la C zenye injini ya M271, zilizoandikwa Kompressor nyuma, zina cheni ya taimingi inayorefuka mapema kuliko inavyotakiwa. Sauti ya mkwaruzo kwa sekunde chache gari likiwashwa la baridi ndiyo onyo, na kupuuza onyo hilo kunaweza kuua injini nzima. Toleo la W204, lililoanza 2007, linajulikana pia kwa kufuli ya kielektroniki ya usukani: ikigoma, funguo haifanyi kazi na gari haliwaki, hata kama injini ni nzima. Kwa daraja la E la W211, lililotoka 2002 hadi 2009, la kuuliza kwanza ni breki. Yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya 2006 yana mfumo wa breki wa umeme uitwao SBC, wenye pampu iliyowekewa ukomo wa matumizi. Baada ya hapo kampuni iliuacha mfumo huo. W211 ya 2007 na ya 2004 zinafanana kwa macho, lakini kwa mtu wa Igunga ya pili haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Wengine huvutwa na BMW 320i au C200 kwa kuamini kwamba injini ndogo hupunguza sana kodi. Hesabu haisemi hivyo. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000 au asilimia 10 kwa inayozidi hapo, ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Chukua gari lenye zaidi ya miaka 10 ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 10 pamoja na nauli ya meli na bima. Forodha inalifikisha milioni 12.5. Likiwa Mark X, ushuru wa bidhaa na wa uchakavu unaongeza milioni 5, na VAT inalifikisha milioni 20.65. Likiwa 320i linafika milioni 19.9. Tofauti ni chini ya milioni moja, na pampu ya maji pamoja na kazi ya cheni vinaweza kuimaliza mwaka wa kwanza. Uchakavu ndio unaouma zaidi: Mark X hiyo hiyo ingekuwa ya miaka 9, jumla ingeishia milioni 18.4. Juu ya hesabu hizi kuna tozo ya reli, gharama za bandari, wakala na usajili. Viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni, na TRA ina kikokotoo mtandaoni kinachotoa kodi ya gari kwa aina na mwaka wake. Kikokotoo hutumia thamani ya TRA, siyo bei aliyolipa mnunuzi, kwa hiyo gari lililopatikana Japani kwa bei ya kutupa halipunguziwi kodi kwa sababu hiyo.

Asiyeagiza mwenyewe hununua kwenye yadi au gari la mkononi. Namba ya usajili hutumiwa sana kupima umri, na watu husema gari ni namba C, namba D au namba E. Herufi hiyo inaeleza gari limesajiliwa lini Tanzania, siyo limetengenezwa lini. Crown ya 2005 inaweza kuwa na namba E, na Mark X ya 2010 ikawa na namba C. Kinachoelezwa na herufi ni muda ambao gari limepigwa na barabara za hapa, na hilo lina uzito wake: gari lililokaa miaka sita nchini limekwisha kupita kwenye matuta mengi na mikononi mwa mafundi wa kila namna. Kwa upande mwingine, gari la mkononi lenye mmiliki mmoja anayejulikana, mwenye risiti za servisi, linaweza kuwa salama kuliko la yadi lililopakwa rangi upya. La kujiuliza ni kwa nini linauzwa sasa. Magari ya aina hii huuzwa sana pale fundi anapomwambia mwenye gari kwamba gia boksi au injini inahitaji kazi kubwa. Bei ya chini kuliko wenzake huwa tayari imebeba bili hiyo, na mnunuzi ndiye atakayeilipa.

Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi, hivyo zinatafutiwa ushahidi mahali pengine. Gari la Japani lililouzwa mnadani lina karatasi ya mnada yenye daraja lake: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo na mabonde madogo, na R au RA lilishapata ajali na kutengenezwa. Cheti cha kulitoa gari nchini Japani huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa nyuma. Aidha mafundi wa huko hubandika stika ndogo ya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, yenye tarehe na kilomita kwa tarakimu za kawaida. Stika inayosomeka kilomita 138,000 kwenye gari ambalo dashibodi inaonyesha 84,000 inamaliza mazungumzo ya bei. Kwa gari lililotoka Uingereza, ambako hutoka BMW na Mercedes nyingi za usukani wa kulia, historia ya ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT iko wazi mtandaoni bila malipo kwa anayejua namba ya gari ya huko. Inaonyesha maili zilizosomwa kila mwaka na kasoro zilizoandikwa, kuanzia bushi zilizochoka hadi kutu chini ya gari. Muuzaji anayekataa kutoa namba hiyo ameshajibu swali.

Ukaguzi wa gari lenyewe hufanyika alfajiri, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji anapaswa kuambiwa mapema asiliwashe, na mnunuzi aguse boneti kwanza: ikiwa ina joto, ukaguzi uhamie siku nyingine, kwa kuwa kelele za cheni na moshi wa raba za valvu hujificha injini ikishapata moto. Kijiti cha oili kichomolewe na kufutwa kwa kitambaa cheupe. Oili nyeusi ni ya kawaida; yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, na hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe. Maji yenye rangi ya waridi, kijani au bluu yanaonyesha kuna kulanti. Maji matupu, tena yenye kutu, yanaonyesha gari lilikuwa likichemsha na mwenyewe akalijazia ya bombani. Baada ya hapo gari liwashwe, AC ifunguliwe yote, liachwe likinguruma nusu saa huku mtu akitazama chini kama kuna kinachodondoka.

Kipimo kinachosahaulika ni kuchomeka mashine ya kusoma makosa chini ya usukani. Kifaa kidogo kinachounganishwa na simu hakina bei kubwa na hutoa joto halisi la maji, hivyo mwenye BMW anapata kile ambacho dashibodi yake haimpi. Msomaji wa matokeo azingatie jambo moja: mashine isiyoonyesha kosa lolote, huku ikionyesha kwamba kumbukumbu imefutwa muda mfupi uliopita, haijasafisha gari. Makosa yamefichwa. Kwenye majaribio ya barabarani gari lipelekwe kwenye mlima wa kutosha. Anayenunua Singida na kurudi Igunga ana mlima Sekenke njiani, wenye kona kali na mteremko mrefu unaoshuka hadi bonde la Wembere. Akishafika chini ageuze, gari liupande likiwa na AC na abiria. Gia zinapopanda na kushuka zisigonge wala kuchelewa, na joto la maji likifika juu litulie. Likianza kupanda bila kurudi, mfumo wa kupoza una kasoro, na hilo ni bora lijulikane kabla ya kadi kubadilishwa jina.

Barabara na hali ya hewa ya Igunga huweka bili zake. Lami ya barabara kuu ni nzuri kwa sehemu kubwa, lakini kila kijiji kina matuta, na Crown Athlete au BMW yenye springi fupi hugusa chini. Kinachogusa ni sampo ya oili, tena kwenye magari mengine ni ya aluminiamu ambayo hupasuka badala ya kubonyea. Kukwaruzwa kidogo ni jambo la kutazamwa kila servisi. Matairi membamba ya 225/45 kwenye rimu za inchi 18, yanayoipamba Crown Athlete, hayana kifua cha kupokea shimo. Rimu hupinda na tairi huvimba ubavuni. Kwa njia za Ziba, Choma na Nkinga, ambako kuna vumbi kiangazi na udongo mweusi wa mbuga masika, rimu za inchi 16 zenye tairi nene, mradi zisigonge kalipa za breki, ni uamuzi wa busara kuliko urembo. BMW nyingi za E90 zilitoka kiwandani bila tairi la akiba kwa sababu zilifungwa matairi yanayoweza kutembea yakiwa hayana upepo. Matairi hayo ni ghali na magumu, na akipasukiwa Wembere dereva hana la kubadilisha. Nafasi ya tairi la akiba itafutwe siku ya kwanza. Umri wa tairi husomwa ubavuni kwenye tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokuja na gari kutoka Japani likiwa na kashata nene linaweza kuwa limezeeka na kukauka.

Vumbi la Juni hadi Oktoba huziba chujio la hewa kabla ya muda wa kitabu, na joto huchakaza oili. Ratiba ya kiwanda iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya, inayoruhusu oili kukaa kilomita 20,000 au zaidi, isifuatwe hapa. Kilomita 5,000 hadi 7,000 ndiyo kipimo cha kulinda injini ya umri huu. Oili ya gia boksi nayo ina uongo uliozoeleka: kwamba ni ya maisha yote. Kampuni ya ZF, iliyotengeneza gia boksi za gia sita za BMW nyingi za miaka hiyo, yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari linaloingia Tanzania na kilomita 130,000 linadaiwa kazi hiyo tayari, na oili iwe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, siyo ile nyekundu inayomiminwa kwa kila gari. Kulanti na oili ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili.

Gharama za mwaka zinakadirika bila ugumu. Mwenye kutembea kilomita 15,000 kwa mwaka katika gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita anatumia lita 1,500. Kwa petroli ya shilingi 3,000, kama mfano, hiyo ni milioni 4.5. Gari dogo la kilomita 15 kwa lita lingetumia milioni 3. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kila mji, Igunga ikiwemo, kwa hiyo hesabu inaweza kurudiwa kwa bei ya mwezi husika. Aina ya petroli iangaliwe ndani ya kifuniko cha tangi, maana Crown za S180 na Mark X za GRX120 zilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani. Oili ya servisi hubadilishwa mara tatu, na injini ya V6 inachukua zaidi ya lita 6 ambapo IST inachukua chini ya 4. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa zamani ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayetumia mafuta mengi ndiye anayeilipa zaidi. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na baadhi ya kampuni hukataa kuikatia bima hiyo gari lililozeeka.

Kisha kuna fungu ambalo wanunuzi wengi hawalitengi, nalo ndilo linaloamua kama gari litaendelea kutembea. Mwenye milioni 30 asinunue gari la milioni 30. Anunue la milioni 20 hadi 22, atumie milioni 2 au 3 mwezi wa kwanza kubadilisha oili zote, machujio, kulanti, plagi, breki pedi na bushi zilizochoka, na milioni 5 zibaki benki kwa ajili ya gari tu. Kabla ya kulipa, apige simu kwa wauza spea wawili Kariakoo na kuuliza bei ya vitu sita kwa namba ya chasisi ya gari analolitaka: pampu ya maji, rejeta, shokapu za mbele, kompresa ya AC, diski za breki na gia boksi iliyotumika. Dakika ishirini za simu hizo zina faida kuliko kurasa nyingi za sifa za gari, kwa kuwa zinaonyesha bei halisi ya siku ile. Kama jumla ya vitatu kati ya hivyo inazidi akiba iliyobaki, gari hilo halijafikiwa bado.

Namba ya chasisi inastahili kusisitizwa. Mark X ya GRX120 na ya GRX130 hazishirikiani spea zote, na hata ndani ya toleo moja breki hutofautiana kati ya lita 2.5 na 3.5. Anayeagiza "pedi za Mark X" bila namba hupokea kifurushi kisichofaa na kulipa nauli mara mbili. Picha ya kibati cha chasisi ikae ndani ya simu ya mwenye gari na ya fundi wake. Kuhusu ubora, vifaa vipo vya aina tatu: vipya vya kampuni, vya kuiga, na vilivyotolewa kwenye magari yaliyobomolewa nje. Taa, mlango, usukani na hata gia boksi iliyotumika yenye kilomita chache vinafaa. Breki pedi, mpira wa maji, pampu, plagi na sensa vinunuliwe vipya na vya asili, kwa sababu bei ya kifaa cha kuiga hulipwa upya ndani ya miezi. Kwenye magari ya Kijerumani, baadhi ya vifaa vya umeme vilivyotumika haviwezi kufungwa na kufanya kazi bila kupangwa upya kwa kompyuta, kwa hiyo fundi wa kompyuta atafutwe kabla ya kifaa.

Makaratasi hayachukui muda mrefu yakifanywa kwa utaratibu. Kadi halisi ya gari ionekane kwa macho, kwani kadi isiyopatikana mara nyingi imewekwa dhamana ya mkopo. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na kadi. Madeni ya faini za trafiki yatazamwe mtandaoni kwenye mfumo wa Polisi kwa namba ya gari, na stika ya bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA kwa TIN za pande zote mbili bila kungoja. Gari likibaki kwa jina la zamani, mnunuzi hana cha kuonyesha siku ya ajali au ya kuuza.

Msimu wa kuuza pamba huanza Mei, na fedha za pamba, dengu na mpunga huleta wanunuzi wengi kwa wakati mmoja. Madalali wanajua hilo. Anayeweza kungoja hadi mwanzoni mwa mvua, Novemba au Desemba, hukuta wauzaji wenye haraka ya fedha za mbolea na ada za shule, na huona pia jinsi gari linavyovuja maji ya mvua. Ajue vilevile kwamba siku ya kuuza, BMW au Mercedes itahitaji mnunuzi wa Mwanza au Dar es Salaam, ilhali Mark X huuzika Nzega na Tabora.

Kwa mkazi wa Igunga mwenye akiba iliyotajwa, Mark X ya GRX130 au Crown ya S200 ya lita 2.5, yenye historia inayothibitika, ndiyo inayofaa. BMW au Mercedes inamfaa mwenye gari la pili la kazi na fundi anayemjua kwa jina. Asiyekuwa na akiba ya milioni 5 baada ya kulipa bei, anunue Premio au IST kwanza.